Isale la Mama na Damu ya Ndugu Wawili

Ndugu zangu wa ukoo wetu, mlioko Maskati, Unguja, Moshi na kwingineko,

Kila apitaye nyumbani kwangu hapa Maskati hukiona chungu kilicho karibu na dirisha la mashariki, chenye mti mwembamba wa majani marefu. Wajukuu huuita dracaena, kama walivyousikia dukani. Mimi nauita kwa jina alilotufundisha marhumu mama, mzaliwa wa Machame: isale, na yakiwa mengi, masale.

Kwa Wachaga isale si pambo. Masale hupandwa kuzunguka kihamba, yaani shamba la ukoo, yawe mpaka usiogombaniwa. Na aliyemkosea mwenziwe humpelekea jani la isale kuomba radhi, wala si jambo jepesi kulikataa.

Wataalamu wa Ulaya waliujua mti huu kwa njia nyingine. Linnaeus aliuandika mwaka 1762 katika jamii tofauti ya mimea. Mwaka 1808 Ker Gawler akauingiza katika Dracaena, jina litokalo katika neno la Kiyunani la joka jike. Aina moja ya majani ya mistari, ipendwayo sana majumbani, iliitwa zamani deremensis, kwa ajili ya Derema katika milima ya Usambara. Basi mti tunaoudhania kuwa wa Wazungu, asili yake ni kwetu Afrika.

Una jamaa yake katika kisiwa cha Sokotra. Huyo akichanjwa gome hutoa utomvu mwekundu, ambao Waarabu huuita dam al-akhawayn, damu ya ndugu wawili. Tangu karne ya kwanza, Myunani mmoja aliyeandika khabari za biashara ya bahari yetu aliutaja utomvu huo, ukikusanywa kwa matone kutoka mitini. Wako wasimulizi wanaolihusisha jina hilo na Habili na Kabili.

Yazingatieni haya: kwa lugha ya baba, damu ya ndugu waliogombana; kwa mila ya mama, jani la kuwapatanisha.

Mama alikuja kunitembelea mwaka 1998, akiwa na kipande cha shina la isale alichokizungushia kitambaa kibichi. Alinionya: "Usilinyweshe kwa mazoea. Tia kidole kwanza." Baada ya kufariki kwake nililisahau onyo hilo. Kwa huzuni nilikuwa nikilimwagilia kila asubuhi, tena nimeliweka chini ya kiyoyozi. Majani yakageuka manjano, ncha zikakauka, na shina likalainika kwa chini, kwani mizizi ilikuwa imeoza.

Niliikata sehemu nzima ya juu, nikaichomeka katika udongo mpya mwepesi, na baada ya wiki kadhaa ikatoa mizizi. Tangu hapo nafuata kanuni chache. Chungu kiwe na tundu chini. Maji yatiwe pale tu udongo wa juu, kiasi cha pingili mbili za kidole, ukishakauka. Mwanga uwe mwingi, lakini jua kali lisiyapige majani. Maji yenye chumvi au floridi huzichoma ncha, basi yakipatikana ya mvua ni bora. Kitambaa chenye unyevu kipitishwe juu ya majani kuondoa vumbi. Na mwenye paka auweke mbali, kwa kuwa majani yake humdhuru akiyatafuna.

Mkiniuliza kwa nini nayaandika leo, jawabu ni hili. Mimi na kaka yangu aliyeko Moshi hatujasemezana kwa miaka kumi na mmoja, kwa sababu ya nyumba ya marhumu baba. Miaka yote nilikuwa karani wa kuweka hesabu za watu sawasawa, na hesabu ya ndugu yangu nikaiacha wazi. Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake.

Juma lililopita nimechuma jani moja la isale la mama, nikalifunga katika kitambaa kibichi, kama alivyofunga yeye. Mpwa wetu asafiriye kesho atamfikishia. Sijui kama kaka atalipokea. Ila najua kwamba lilipotoka jani lile, mti haukupungukiwa na kitu. Na mimi pia, naona, sijapungukiwa.

Niombeeni dua.