Ama Yote, Ama Si Lolote

Mkulima ashukaye mjini Kisinga, Uganda, kutoka mashamba ya kahawa yaliyo mabegani mwa milima ya Rwenzori, akitaka kumpelekea mwanawe ada ya shule, husimama mbele ya kibanda cha wakala wa fedha za simu, ambaye, kabla ya kugusa kitufe, hufunua daftari la mistari, akaandika tarehe, nambari na kiasi, kisha hutuma, na ujumbe wa kuthibitisha ukishaingia ndipo humpa mteja kalamu atie saini. Huduma hiyo kampuni ya simu ya MTN iliianzisha Uganda mwaka 2009. Lakini desturi ya kuandika kabla ya kutenda ni kongwe kuliko simu, nayo ndiyo iliyowaokoa mafundi wa kompyuta katika mashaka makubwa.

Mashaka yenyewe ni haya: diski kwa muda mrefu iliandika kwa vipande vya baiti 512, ilhali mfumo wa mafaili aghalabu hushika fungu la baiti 4096, yaani vipande vinane; basi umeme ukikatika baada ya kipande cha tano, fungu moja huwa na habari mpya na za zamani pamoja, wala halifai kwa hesabu ya jana wala ya leo.

Katika maabara ya IBM huko San Jose, miaka ya 1970, Jim Gray na wenziwe, wakiunda System R, walishika kanuni ya kuandika kwanza kumbukumbu ya badiliko, kisha badiliko lenyewe. Na mwaka 1981 Gray akabainisha kuwa wazo la muamala, yaani tendo litimizwalo lote au lisitimizwe kabisa, limetokana na sheria ya mikataba, ambako mapatano huthibiti kwa saini, au hata kwa kupeana mikono. Baadaye mtunzi wa programu Stephen Tweedie akaitia kanuni hiyo ya kuandika kwanza katika ext3, mfumo wa mafaili ulioingia rasmi katika Linux mwaka 2001: mashine iliyozimika ghafla, ikiamka, husoma daftari lake, ikatimiza lililotiwa alama ya tamati, na lisilotiwa ikaliacha.

Hapana, basi, kalamu iandikayo yote kwa pigo moja. Ahadi ya yote au si lolote imesimama juu ya utaratibu unaoifanya kila nusu itambulikane kuwa ni nusu. Ndiyo maana wakala wa Kisinga, mtandao ukikwama, hatumi mara ya pili: huutazama mstari usio na saini, akangoja.