Ruzuku ya kumwandaa muuguzi kiongozi katika huduma ya wagonjwa wasiopona

Huduma ya shufaa, au tiba shufaa kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, ni utunzaji wa mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena au unatishia uhai wake. Ni kumtuliza maumivu, kumsafisha kidonda, kumsikiliza, na kusimama na jamaa yake hata baada ya msiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanaihitaji kila mwaka, na ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Hapa Uvira, iwe Rugenge, Mulongwe au Kavimvira, mgonjwa wa namna hiyo hurudishwa nyumbani. Anayebaki naye ni jamaa, kanisa na muuguzi wa karibu. Kwa hiyo ndugu wanapotuuliza juu ya ruzuku za huduma hii, sisi tunaanza na muuguzi, si na jengo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Uganda. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na huduma ikafika baadaye Mbarara na Hoima. Madaktari walikuwa wachache mno kuwafikia wagonjwa vijijini, na mofini ya kunywa, dawa ya maji isiyo ya gharama kubwa, ilihitaji mkono wa daktari ili iandikwe. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea huduma hii waiandike wenyewe. Masomo yao wakati huo yalichukua miezi 9. Hapo ndipo fedha za wafadhili zilipopata maana, kwa kuwa kila muuguzi aliyelipiwa masomo alirudi na ruhusa ya kutenda.

Lakini kujua kutibu maumivu si sawa na kuongoza. Katika hospitali ya Mulago, kitengo cha huduma ya shufaa cha Chuo Kikuu cha Makerere kiliwafundisha wauguzi wa wodi kuwatambua wagonjwa wenye shida hiyo na kuwahudumia. Baadaye, pamoja na shirika la Cairdeas, kikaanzisha mpango wa kuwalea wauguzi viongozi. Tunaona hatua hii ya pili ndiyo inayosahauliwa katika maombi mengi. Muuguzi kiongozi ni yule anayeweza kuketi mbele ya mkurugenzi na bajeti mkononi, kuagiza dawa kabla haijaisha, kuwafundisha wenzake, na kumwambia daktari kwa heshima kwamba mgonjwa huyu bado anaumia.

Fedha za kazi hiyo zinapatikana wapi? Shirika la Afrika la huduma ya shufaa, APCA, lililozaliwa mwaka 2004 na lenye makao Kampala, limeendesha pamoja na wafadhili wake ruzuku ndogo kwa vituo vya huduma na msaada wa masomo kwa wauguzi. Uingereza kuna mfuko wa Burdett Trust for Nursing, ambao ruzuku zake zinalenga kazi ya wauguzi. Kanisa nalo lina historia yake. Huko Arusha, hospitali ya Selian ya Kanisa la Kilutheri ilianza huduma ya hospisi mwaka 1999, ikiwatuma wauguzi na watu wa kujitolea hadi majumbani, na baadaye fedha za Marekani zikasaidia hospitali nyingine za Kilutheri kufuata.

Fedha hizo huisha, na afadhali tuliseme wazi. Mfuko wa ukumbusho wa Princess Diana, uliobeba sehemu kubwa ya kazi hii Afrika, ulifungwa mwishoni mwa 2012. Sisi Wakongomani tulilijua jambo hili mapema zaidi: mradi wa SANRU, ulioanza 1981 kwa ushirikiano wa Kanisa la Kristo katika Congo na shirika la misaada la Marekani, USAID, ulikatika Wamarekani walipoondoka mwaka 1991. Mwaka 2025 USAID yenyewe ikafungwa. Gari la mradi huchakaa, na ofisi hurudishwa kwa mwenye nyumba. Muuguzi aliyefundishwa vizuri huendelea kazi, mradi tu apate mshahara wa kumkalisha.

Na kwetu uongozi wa muuguzi si kitu cha kuletwa na mzungu. Kituo cha afya cha Congo huongozwa na muuguzi, titulaire, anayehesabu dawa, anayeandika ripoti ya zoni ya afya na anayewatuma relais nyumba kwa nyumba. Pengine hata daktari haonekani kwake mwezi mzima. Mtu huyu tayari ni kiongozi. Alichokosa ni mafunzo ya maumivu na ruhusa ya dawa.

Kwa hiyo jumuiya inayotaka kuomba ruzuku iende kwanza kwa daktari mkuu wa zoni, na iulize: nani ataandika mofini, itatoka depo gani, itafungiwa wapi? Bila majibu hayo, mwanafunzi atarudi na cheti na mikono mitupu. Katika bajeti iwekwe posho ya muuguzi atakayeshika kituo mwenzake akiwa masomoni, maana kituo hakiwezi kufungwa muda huo wote. Iulizwe pia lugha ya masomo: Hospice Africa Uganda imekuwa na mafunzo kwa Kifaransa, na muuguzi aliyesoma ISTM hapa kwetu hatafaidi sana darasa la Kiingereza. Tena mwombaji aandike jina la kituo ambacho muuguzi atarudi, na nani atamlipa ruzuku ikiisha. Mstari huo wa mwisho ujazwe na kanisa lenyewe, kwa tarakimu, kabla barua haijatumwa.