Gololi ya Roger Sharpe

Wadau, mnajua kwamba New York ilipiga marufuku pinboli mwaka 1942? Meya Fiorello La Guardia aliona ni kamari ya kuwaibia watoto sarafu zao, akazivunja mashine kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Tusimcheke sana. Enzi hizo hazikuwa na vibao vya kuipiga gololi irudi juu. Ukishairusha, unatikisa mashine na kuomba Mungu. Vibao vilikuja 1947, kwenye Humpty Dumpty ya Gottlieb, Chicago. Sheria ikabaki palepale! Mpaka 1976, mwandishi kijana Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani, akatangaza kabla ya kurusha: itapita njia ya katikati. Ikapita. Marufuku ikaondolewa. Baadaye mwenyewe alikiri bahati ilimbeba.