Analipa Kiingilio, Halafu Anapiga Kazi Bure

Mdau, hebu fikiria: unalipia kuingia kwenye tamasha, halafu ukifika unapewa kazi ya kupanga viti, kusimama mlangoni au kupiga muziki hadi usiku wa manane. Malipo? Ziro. Worldcon, mkutano wa dunia wa mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi, unaendeshwa hivyo. Waandaaji wanajitolea, na wengi wao wamelipia uanachama kama wewe tu.

Ulianza New York, Julai 1939, na watu kama 200. Jamaa mmoja, Forrest Ackerman, akatinga na vazi la mtu wa siku zijazo, na picha zake zinazunguka mpaka leo. Aliyeshona lile vazi ni Myrtle Douglas, ambaye naye alikuwa amevaa la kwake siku ileile. Sifa akabeba nani? Unajua mwenyewe.

Sasa njoo kwa DJ wa dansi za usiku kwenye mikutano ya aina hii. Kazi si ndogo: mbele yake kuna mwanafunzi wa chuo na babu mstaafu, wote wamevaa kama wametoka sayari nyingine. Bahati nzuri ngoma zipo. Muziki wa Star Wars uligeuzwa disko na Meco mwaka 1977, ukashika namba moja Marekani. Mwaka 1988 The Timelords wakachukua muziki wa Doctor Who, wakauchanganya na roki, namba moja Uingereza.

Huo wa Doctor Who ndio unaoniuma. Mtunzi wake ni Ron Grainer, lakini ule mlio wa ajabu ulitengenezwa BBC mwaka 1963 na Delia Derbyshire. Sinthesaiza za dukani hazikuwepo bado, kwa hiyo dada wa watu alirekodi sauti mojamoja, akakata kanda na kuziunganisha kipande kwa kipande. Grainer mwenyewe alitaka wagawane malipo. Taratibu za BBC zikagoma. Jina la Delia lilitokea kwenye kipindi hicho mwaka 2013, kikiwa kinatimiza miaka 50.

Alikuwa ameshafariki tangu 2001.

Kwa hiyo DJ wangu, siku ukijitolea na ukaipiga hiyo ngoma, punguza sauti kidogo, shika maiki, mtaje.