Kengele ya Saa Sita Ilitoka Wapi?

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana bahati moja ambayo pengine hajapata kuifikiria. Akifungua kitabu cha Matendo ya Mitume, akakuta kwamba Petro na Yohana walipanda kwenda hekaluni saa tisa, wakati wa kusali, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Saa tisa ni saa tisa. Jua limepinda, kivuli kimeanza kurefuka. Mwingereza au Mmarekani akisoma mahali hapohapo sharti aambiwe kwamba ile "saa ya tisa" kwake yeye ndiyo saa tatu ya alasiri. Sisi tunahesabu saa kama walivyohesabu Wayahudi na Warumi wa zamani, tangu kuchomoza kwa jua. Kwa hiyo historia ya sala za saa maalumu katika Ukristo, ambayo ndiyo mada yetu ya juma hili, imeandikwa kwa saa zetu.

Desturi yenyewe haikuanzishwa na Wakristo. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakielekea Yerusalemu. Mwenye Zaburi ya 119 anasema humsifu Mungu mara saba kwa siku. Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, nao waliendelea na walichokizoea. Petro alipopata maono ya ile nguo kubwa yenye wanyama, alikuwa amepanda darini kusali, yapata saa sita mchana. Kitabu kidogo cha zamani kiitwacho Didake kinawaagiza waumini waseme sala ya Baba Yetu mara tatu kila siku.

Tuangalie sasa bara letu. Huko Karthago, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Tunisia, mwandishi Tertuliano aliandika juu ya sala karibu mwaka 200. Alizitaja saa tatu, saa sita na saa tisa, saa zilizokuwa zikigawa siku ya shughuli za watu wote. Alikiri kwamba hakuna amri inayomlazimisha mtu kuzishika. Lakini alisema ni vema mtu ajiwekee utaratibu, ili saa hizo zimkumbushe kusali na kumng'oa kidogo kwenye kazi zake. Angalieni hapo, wasikilizaji: Tertuliano hakuwa akiwaandikia watawa. Aliwaandikia watu wenye biashara, wenye watoto, wenye madeni.

Baadaye, katika karne ya 4, wakaja watawa wa jangwa la Misri, waliosali zaburi 12 jioni na nyingine 12 usiku. Kutoka kwao desturi ilivuka bahari. Huko Italia, katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake yenye sura 73, akapanga zaburi zote 150 zisaliwe kila juma, mara saba mchana na mara moja usiku. Aliandika kwamba tangu mwanzo wa Novemba hadi Pasaka watawa waamke saa nane ya usiku. Nasi twaielewa saa nane hiyo bila tafsiri. Aliagiza pia kwamba ishara ikisikika, mtawa aache alichoshika mkononi, kwa kuwa hakuna kazi inayopaswa kuitangulia ile ya Mungu.

Hata hivyo, mambo yalianza kubadilika. Kadiri karne zilivyopita, sala za saa zikawa kazi ya mapadre na watawa, kwa Kilatini, ambacho watu wengi hawakukijua. Hata saa zenyewe zilihama. Siku za kufunga, chakula kililiwa baada ya sala ya saa tisa, na si vigumu kukisia kwa nini sala hiyo ilisogezwa mbele kidogo kidogo hadi ikafika adhuhuri. Neno la Kiingereza la adhuhuri, "noon", kwa asili maana yake ni saa ya tisa!

Lakini watu wa kawaida hawakukubali kuachwa nje. Asiyejua kusoma zaburi 150 alisali Salamu Maria 150, na ndiyo maana Rozari kamili ilikuwa na makumi 15, mpaka Papa Yohane Paulo wa Pili alipoongeza matendo ya mwanga mwaka 2002. Aidha, kengele ya Malaika wa Bwana, asubuhi, saa sita mchana na jioni, ilikuwa sala ya mkulima shambani. Kwa Waanglikana, kitabu cha sala cha mwaka 1549, kazi ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer, kilizikusanya sala nyingi za watawa kuwa mbili tu, ya asubuhi na ya jioni, kwa lugha ya wananchi.

Ndipo kengele ikafika kwetu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliingia Bagamoyo mwaka 1868. Waanglikana walianza kujenga kanisa lao Mkunazini, Unguja, mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa. Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Hawakukuta pwani isiyojua saa za sala. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha yalikwisha kuwa majina ya nyakati kwa kila mtu, Mwislamu au la.

Hapa pana jambo la kutafakari. Katika vijiji vya misheni kengele iliita watu kusali, na kengele iliita watu kulima. Kwa aliyekombolewa utumwani, sauti hiyo ilikuwa na sura mbili. Ilimwambia kwamba yeye ni mtoto wa Mungu. Ilimwambia pia kwamba siku yake bado inapangwa na mwingine. Wengi walipokea kengele kabla ya kupokea zaburi, na wako waliobaki na kengele tu.

Deni hilo lilianza kulipwa polepole. Mwaka 1957 ilianzishwa nyumba ya Hanga, karibu na Songea, kwa watawa Waafrika. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulihimiza kwamba sala za saa zisaliwe kwa wakati wake, na kwamba walei nao wazisali. Mwaka 1970 ulitolewa mpango mpya, zaburi zikagawanywa kwa majuma manne, na njia ikafunguka kwa lugha za watu. Leo Masifu ya Asubuhi na ya Jioni kwa Kiswahili si kitu kigeni parokiani, ingawa mara nyingi wanaoyahudhuria ni masista na wazee wachache.

Wengine watasema mtu wa leo hana nafasi. Benedikto alilijua hilo. Katika sura ya 50 ya Kanuni yake aliwataka ndugu walio mbali kazini, na walio safarini, wasali palepale walipo saa ikifika. Hakuwadai warudi kanisani. Tertuliano naye alikuwa amesema hakuna amri.

Basi tofauti kati ya kengele ya bwana na kengele ya sala ni hii: ya kwanza yakwambia siku yako ni mali ya mwingine, ya pili yakuruhusu kuichukua dakika tano kutoka kwa kila anayeidai. Mama aliye sokoni, dereva aliye kituoni, karani aliye mezani, wote wanayo saa sita. Wanaweza kuipokea bila kuomba ruhusa kwa mtu. Petro aliipokea darini, akisubiri chakula.

Hadi juma lijalo, kwaherini.