BCL11A (protini)

BCL11A ni protini ya udhibiti wa jeni: ndani ya kiini cha seli hushika sehemu maalumu za DNA na kuzima jeni fulani. Jeni inayoitengeneza iko kwenye kromosomu ya 2. Inahusu Afrika Mashariki zaidi kwa sababu ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Kazi katika ukuaji

Mtoto akiwa tumboni, chembe zake nyekundu hubeba himoglobini ya kijusi, inayovuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama kwa nguvu kubwa. Baada ya kuzaliwa, BCL11A huizima taratibu na himoglobini ya watu wazima, ambayo ndiyo yenye kasoro ya selimundu kwa wagonjwa, hushika nafasi yake. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa na afya njema, kisha kuanzia karibu miezi sita huandamwa na maumivu makali, kuvimba viganja na nyayo, na upungufu wa damu. Wagonjwa wanaobaki na himoglobini nyingi ya kijusi kwa kawaida huugua kidogo.

Protini hii hufanya kazi pia kwenye ubongo. Nakala moja ya jeni ikiharibika, mtoto huchelewa kukua kiakili.

Utafiti

Uhusiano wa BCL11A na himoglobini ya kijusi uligunduliwa mwaka 2007 na 2008. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilikuwa imeanza kufuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004 chini ya Profesa Julie Makani, na mwaka 2011 timu yake ilithibitisha uhusiano huo kwa Watanzania.

Kagera

Malaria imeusambaza urithi wa selimundu kando ya Ziwa Victoria, ukiwemo mkoa wa Kagera nchini Tanzania, kwa kuwa mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hukingwa na malaria kali. Wagonjwa wa Hamugembe na Muleba mkoani humo wanaohitaji huduma za kibingwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Tiba

Haidroksiurea, dawa ya kumeza, huongeza himoglobini ya kijusi. Casgevy, tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, hukata kipande cha DNA kinachowasha BCL11A katika seli za damu; bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, kiwango kisichofikika kwa familia za Kagera. Nchini Tanzania, upandikizaji wa uboho kwa watoto wenye selimundu ulianza mwaka 2023 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.