Kaburi la Mombasa

Hapa kambini wengine wanasema ukiteseka sana, imani yako ni haba. Mimi nawauliza: na Krapf je? Mmisionari huyu Mjerumani alizuiwa kurudi kwenye kazi yake Ethiopia, akaja Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai homa ikamuua mkewe Rosine, halafu mtoto wao mchanga. Yeye mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Alipopona, aliendelea kujifunza Kiswahili na kukusanya maneno. Alikufa 1881, kamusi yake ilichapwa 1882, hakuiona.

Ndugu zangu, jibu letu la kuhamishwa bado halijatoka. Namtumaini Mungu jinsi hiyo: leo nafundisha watoto kusoma, hata kama matunda watakula wengine.